Kiti cha Jiwe la Mutindi

Siku Nzau alipoizungushia sufuria ya Kavindu utepe wa manjano pale sokoni Tawa, aliizungushia taratibu, kama mtu anayemfunga bandeji mgonjwa wake mwenyewe. Nzau alikuwa askari wa soko. Sufuria ile aliijua vizuri, na alikuwa amekula kutoka humo mara nyingi kuliko ambavyo angetaka mkewe ajue.

"Si mimi, Kavindu. Mimi natumwa tu. Sheria imebadilika. Chombo chochote cha umeme cha kupikia watu lazima kiwe na stika ya usalama. Hii yako iko na stika?"

"Iko na muthokoi," Kavindu akamjibu.

"Hiyo muthokoi nitakusaidia kuondoa."

Na kweli alisaidia, sahani mbili, amesimama, utepe ukining'inia begani. Alipomaliza alipangusa mdomo, akafunga fundo la mwisho, akasema pole.

Kavindu alikuwa fundi wa umeme. Kibanda chake kilikuwa pembeni mwa soko, kimejaa pasi zilizoungua, redio zilizokataa kusema, na birika za watu waliosahau kuweka maji. Lakini sufuria ile hakuitengeneza kwa ajili ya biashara ya kibanda. Aliitengeneza kwa ajili ya macho ya mama mkwe wake, mama wa mumewe.

Mama mkwe huyo ndiye Mutindi, na Mutindi ndiye muthokoi wa Tawa. Mahindi anakoboa mwenyewe, mbaazi anachagua mwenyewe, na chakula hicho kinakula kuni tangu jogoo wa kwanza hadi watu watoke kanisani. Miaka yote hiyo moshi haukumwonea huruma. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelia matanga ya ukoo mzima. Daktari alimwandikia dawa ya matone kisha akamwambia Kavindu pembeni: matone ni ya kumfurahisha tu, dawa yenyewe ni kumtoa kwenye moshi, na msipomtoa, msimu mwingine mtakuwa mnamshika mkono kwenda chooni.

Basi Kavindu akachukua sufuria nene ya kupikia harusi, akaiwekea koili chini, akaivalisha koti la bati, akaitia waya na plagi. Mutindi aliikataa kwa muda, akisema chakula kisichoonja moshi ni cha wagonjwa wa hospitali. Halafu siku moja aliamka akiona njia ya kwenda kisimani vizuri kuliko juzi, akaacha maneno. Muthokoi ukaanza kuiva kwa umeme. Wateja walilalamika kidogo, wakaendelea kula.

Sasa utepe. Na utepe ulipofungwa, Mutindi alirudi kwenye mafiga yake matatu bila kunung'unika, akainama, akapuliza moto. Hapo ndipo Kavindu alipopandwa na hasira. Kama mama angenung'unika, ingekuwa afadhali.

Maabara ya kupima vyombo iliwekwa Kitui. Kwa nini watu wa Tawa, kaunti ya Makueni, wabebe sufuria kubwa kama pipa kuvuka hadi kaunti nyingine, usiulize, kwa sababu Kavindu aliuliza na akaambiwa ajaze jina hapa na hapa.

Mkaguzi alikuwa Enjinia Wakiuru, dada mwembamba aliyeletwa kutoka Murang'a, mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto na maneno ya kumfukuza mwizi. Alijaza sufuria maji, akayatia sabuni kidogo, akawasha. Povu likapanda, likainua mfuniko, likateremka ubavuni.

"Dada Kavindu, hili povu linaenda wapi?"

Kavindu akatazama. "Linashuka chini."

"Chini kuna nini?"

Chini kulikuwa na waya. Kavindu alitamani povu lile limeze sufuria, maabara na Enjinia mwenyewe.

"Mfuniko wako umeketi tu, haujafungwa," Wakiuru alisema. "Weka mfuniko wa kubana, na tundu la kutolea mvuke. Urudi."

Akarudi na mfuniko wa kubana. Ulikuwa na vibano vya chuma pembeni, mpira wa kuziba katikati, na juu kabisa kipenga kizito kilichokaa kwenye tundu: mvuke ukizidi, kinainuka, kinaachilia. Kavindu alijivunia kipenga kile kama mtoto aliyefaulu mtihani. Wakiuru aliwasha, akangoja, akakunja pua.

"Hii ni harufu ya muthokoi?"

"Hiyo ni harufu ya Mombasa Road," Kavindu alikiri. Mpira alikuwa ameukata kwenye tyubu ya lori la mumewe Musyimi.

"Watu hawali lori. Tafuta mpira wa vyombo vya chakula. Urudi."

Akarudi na mpira mzuri, mweupe, akakuta mlango umefungwa na bawabu akimwambia kwamba maofisa wote wako semina. Semina ya nini? Ya kuhudumia mwananchi. Kavindu aliketi juu ya sufuria yake pale getini, akacheka peke yake hadi bawabu akamletea maji, akidhani jua limempata.

Jioni hiyo nyumbani Mutindi alimmiminia chai. Kikombe kilikuwa huku, chai ikaenda kule, ikatiririka mezani hadi kwenye mapaja ya Musyimi. Musyimi aliruka, akafungua mdomo, akaona uso wa mkewe, akaufunga tena. Mutindi hakujua kilichotokea. "Kunyweni ikiwa moto," akasema.

"Ni moto, mwaitu," Musyimi alimjibu mama yake, akijipepea.

Kavindu alipofika Kitui tena, Wakiuru alipitisha mpira, akapitisha waya, akapitisha plagi. Akaangalia kila kitu na kuitikia kwa kichwa, ameridhika. Kavindu akanyoosha mkono wa kupokea stika.

"Imebaki jaribio la mtumiaji."

"La nani tena?"

"Wewe ndiye uliyeitengeneza, huwezi kuungua nayo. Tunataka atakayeitumia. Aje, apike chakula chake cha kila siku kwa njia yake ya kila siku. Wewe utakaa nyuma ya mstari huu wa manjano. Husemi, hugusi. Ukisema au ukigusa, jaribio limeanguka."

Kwa hiyo wiki iliyofuata Mutindi alikwenda Kitui. Alivaa gauni lake la kwaya na kitambaa cheupe kichwani, akabeba kiondo kilichomvuta bega moja chini. Kavindu aliona kiondo ni kizito, akafikiri ni mahindi. Alikuwa na mengi ya kufikiri. Usiku na mchana alikuwa amemfundisha: kibano hiki kwanza, kile baadaye, kipenga usikiguse kwa mkono, kina moto, swichi hapa. Mutindi alikuwa ameitikia yote, "ĩĩ, ĩĩ," kama anayesikiliza matangazo ya kanisa.

Maabarani alifanya kazi kama malkia. Alisalimia kila mtu, akamuuliza Wakiuru kama kwao wanakula mahindi au ni viazi tu, akamimina mahindi na mbaazi, akapima maji kwa kidole, akabana vibano sawasawa. Wakiuru alikuwa akiandika, akitabasamu. Nyuma ya mstari, Kavindu aliketi kwenye kiti cha plastiki, akianza kuamini kwamba siku hii itakwisha vizuri.

Sufuria ikachemka. Kipenga kikainuka, kikaanza kupuliza. Fssss.

Mutindi akageuka. Akasikiliza. Uso wake ukawa wa mtu aliyesikia mbuzi shambani. Akainama, akaingiza mkono ndani ya kiondo, akatoa jiwe.

Jiwe lenyewe lilikuwa la mtoni, laini, jeusi kwa moshi wa vizazi, ukubwa wa kichwa cha mtoto. Mama mkwe wa Mutindi ndiye aliyempa alipoolewa. Lilikuwa limekaa juu ya kila mfuniko aliopikia maishani mwake, hata ule wa kwanza wa sufuria ya umeme, ule uliokaa tu bila kubanwa. Kavindu alikuwa ameliona hapo kila siku, kwa miaka, hadi akaacha kuliona. Katika mafunzo yote yale hakulitaja. Nani humkumbusha mtu asibebe jiwe akienda Kitui?

Mutindi akaliweka juu ya kipenga, akalizungusha kidogo likae vizuri. Fssss ikakatika.

"Sasa imenyamaza," akasema kwa furaha.

Kavindu akainuka nusu kitini. Akamtazama Wakiuru. Wakiuru alikuwa amempa mgongo, anasoma mita ukutani. Mstari wa manjano ulikuwa pale mbele ya viatu vyake. Akisema, safari zote zimekwisha bure. Asiposema... Mfuniko ukaguna. Ni mguno mdogo tu wa chuma, lakini fundi anaujua. Na Mutindi alikuwa ameinama juu yake, uso na macho yake mabovu karibu, akisikiliza.

"Mwaitu, toka!"

Aliruka mstari, akamvuta mama mkwe wake kwa gauni la kwaya, akang'oa plagi ukutani. Wote wawili wakaishia sakafuni chini ya meza ya Enjinia. Hakuna kilicholipuka. Jiwe lilitulia pale juu, na sufuria ikaanza kupoa polepole.

Wakiuru alikuwa amegeuka, uso umemtoka rangi. Alilisogeza jiwe kwa ufito mrefu, akauacha mvuke utoke, kisha akakaa.

"Limeanguka," akasema. Sauti ilikuwa ile ile ya kubembeleza.

"Nimeokoa mtu!"

"Umeokoa mtu kutoka kwa sufuria yako. Nyumbani kwa mama utakuwa umekaa kwenye kiti cha plastiki kila siku? Na kwa mteja wa Matiliku atakayenunua nyingine kama hii? Wa Kasikeu?"

Kavindu aliinuka, akajipangusa vumbi. Kitu kinachoudhi kuliko mkaguzi mkorofi ni mkaguzi ambaye anasema kweli.

Walikaa nje ukutani kusubiri sufuria ipoe, kwa maana hata kuibeba nyumbani hawakuweza. Mutindi alikuwa amelipakata jiwe lake.

"Ungeniambia," alisema.

"Nikuambie nini, mwaitu? Nikuambie usilete jiwe, usilete jembe, usilete ng'ombe? Ningemaliza lini?"

"Umenipasua gauni la kwaya."

"Ningekuacha, kwaya ingekuimbia bila gauni."

Mutindi alicheka kidogo. "Hata hivyo, lile dude lilikuwa linapiga kelele. Chakula hakipigi kelele hivyo."

"Nitalitupa hilo jiwe mtoni."

"Utanitupa nalo."

Siku zilizofuata Kavindu hakugusa sufuria. Utepe wa Nzau, ambao Kavindu aliuhamishia kwenye pipa tupu la zamani alipoichukua sufuria kwenda Kitui, ulikuwa ungali pale sokoni, ukipigwa na upepo. Watu wa Tawa, ambao huruma yao huja na mdomo, walimuuliza kama ni kweli Enjinia wa Kitui amekimbizwa kwa mawe. Fundi mwenzake Mulei alimletea kokoto mbili kwenye karatasi, ati ni vipuri. Kavindu alizichukua, akasema asante, akazitumia kuzuia mlango.

Asubuhi moja aliingia jiko la Mutindi na wazo moja tu kichwani: alichukue jiwe, alitie kwenye gunia, alipeleke mahali ambapo halitaonekana tena. Hakuona chochote. Moshi ulikuwa umejaa hadi sakafuni. Alisimama mlangoni, macho yakimwaga maji, akamsikia Mutindi akikohoa mahali fulani ndani. Kisha akasikia kitu kingine. Tk. Tk. Tk-tk.

"Linacheza," sauti ya Mutindi ikasema. "Maji yamechemka. Kavindu, nipe kuni moja."

"Unajuaje ni mimi?"

"Unatembea kama mtu anayedai." Mkono ulitokea moshini, ukapapasa hewani, ukalipata jiwe juu ya mfuniko, ukatulia hapo. "Likicheza hivi, moto unatosha. Likirukaruka, nipunguze. Likinyamaza, maji yamekwisha, chakula kinaungua. Kwani wewe ulidhani ni pambo? Huku ndani mimi sioni kitu, mwana wakwa. Sijaona kitu huku ndani tangu Musyimi azaliwe."

Kavindu alitoka nje akaketi kwenye mti uliokatwa. Alikuwa na hasira bado, ila sasa hakujua aielekeze kwa nani. Alikuwa amemtengenezea mtu sufuria na kumnyang'anya masikio, na hakulijua hilo hadi aliposimama kwenye moshi ule.

Kesho yake alianza tena. Kwanza alijaribu mfuniko wa mviringo, wenye mgongo kama wa kobe, ili jiwe lisikae. Mutindi aliliweka, likateleza, likamwangukia Musyimi kidole cha mguu. Familia ikasikia kwa Musyimi maneno ambayo mwana wa mwanakwaya hasemi. Mutindi aliliokota, akaliweka tena. Akaliweka tena. Ilikuwa wazi kwamba mwaka ungeisha na vidole vya Musyimi vingeisha, na jiwe lingekuwa bado linarudi juu.

Basi Kavindu akaacha kushindana nalo. Alichomea kizimba cha nondo juu ya kipenga, miguu minne mifupi na bapa la chuma juu yake. Chini yake kipenga kilikuwa huru kuinuka na kupuliza pande zote. Juu yake jiwe lilikaa kama chifu. Na kipenga kilipoinuka na kushuka, kizimba kilitikisika, na jiwe likasema tk, tk, tk-tk.

"Hiki kinaitwa nini?" Wakiuru aliuliza Kitui.

"Kiti cha jiwe," alisema Kavindu kwa unyonge. Alikuwa amefanya mazoezi njiani kulisema neno hilo bila aibu, na hakufaulu.

Wakiuru hakucheka. Aliandika. Kavindu akaenda mwenyewe kwenye kiti cha plastiki nyuma ya mstari, akakaa, akashika magoti. Mutindi akapika, akaweka jiwe mahali pake, akasikiliza. Mvuke ulitoka pembeni vizuri. Tk, tk. Kavindu alikuwa ameanza kupumua, Enjinia alipofungua mlango na kutoka nje.

Alirudi amekumbatia jiwe la kuzuilia magari pale maegeshoni, lile kubwa lililopakwa chokaa, akipepesuka nalo kama mlevi.

Kavindu alifungua mdomo. Mstari wa manjano. Akaufunga.

"Mama mwingine atakuja na jiwe lake," Wakiuru alisema akihema, "na si lazima liwe zuri kama hili." Aliliondoa la Mutindi kwa ufito na kwa heshima, akalipandisha lake. Kizimba kilikunja uso. Nondo zililia. Kavindu aliiona miguu minne ikitanuka, kidogo, kidogo tena, na akakumbuka mguu mmoja aliouchomea jioni huku akigombana na Musyimi, akauombea huo kuliko alivyowahi kuomba kanisani. Alijiuma ulimi hadi akasikia ladha ya chuma. Mutindi, aliyekuwa amesimamishwa mbali nyuma ya kioo, aliuliza kwa sauti kama huyo msichana anajua kwamba sufuria si kituo cha polisi kupambwa kwa mawe ya chokaa.

Kipenga kiliendelea kupuliza. Fssss, pande zote nne. Wakiuru akangoja. Akangoja zaidi ya ilivyohitajika, Kavindu aliapa hivyo baadaye. Kisha akazima ukutani.

"Imepita," akasema. "Ila huu mguu wa nyuma ulichomewa vibaya. Za kuuza, chomea vizuri."

Kavindu alilia, na hata hakujua ni kwa furaha au kwa kutaka kumpiga mtu. Muthokoi ulipopoa, ofisi nzima ilikula, bawabu pia, na maofisa waliotoka semina.

Nzau ndiye aliyekata utepe pale sokoni, kwa kisu cha kukatia sukuma wiki, na akadai sahani kwa kazi hiyo. Stika ilibandikwa ubavuni mwa koti la bati. Mutindi alisogea akaitazama, akauliza ya jiwe iko wapi. Aliambiwa jiwe halihitaji. Hakufurahi.

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, macho ya Mutindi yalikuwa yamepona. Wekundu ulitoka kwanza, halafu maji. Kavindu alikuwa kibandani asubuhi moja, amechoka, anachokoa pasi ya mtu, alipoona mama mkwe wake amesimama mlangoni akimkazia macho kama anayesoma kibao cha barabarani kutoka mbali.

"Kuna nini, mwaitu?"

"Hiki kibanda chako ni kichafu hivi siku zote?"

"Siku zote."

"Na Musyimi anatembea na shati limetoboka mgongoni, na wewe unamtazama tu." Mutindi akasogea karibu, akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga huku na kule. "Aiya! Mwana wakwa, kumbe una mvi. Tena nyingi. Umezeeka lini?"

Kavindu aliweka pasi chini. Nyuma ya mama, mezani sokoni, jiwe lilikuwa likigonga polepole.

"Kitui," akasema. "Nimezeekea Kitui."